Breki Kwanza

Nilimpelekea Nandudu orodha,
ukurasa wa daftari la shule, umejaa pande mbili:
winchi, taa nne za paani, tairi zenye meno,
hema la kukunjulia juu ya karia,
na rangi. Kijani. Nilikipigia mstari.
Akaisoma amesimama, spana kwapani,
gerejini kwake nyuma ya soko la Mbale,
akaikunja, akafutia kijiti cha kupimia oili.
"Pajero hii ina miaka thelathini na moja.
Unataka kumvisha bibi viatu vya visigino
hata hujamuuliza habari ya magoti."

Basi tukaanza na magoti.

Bushi zimetafunika. Springi za nyuma zimelala
tangu baba alipobebea kahawa ya chama,
magunia saba, nane, na mpagazi juu yake.
Shokomzoba likashusha pumzi moja chafu, likanyamaza.
Rejeta tukaichungulia: nusu ya mapafu ni matope.
"Mlima haukuulizi una nguvu ngapi,"
Nandudu alisema akiwa mvunguni, nikiona buti zake tu,
"unakuuliza unapoaje."

Nikauza ndama, nikanunua rejeta ya safu tatu.
Nikauza wa pili: kipozeo cha giaboksi,
kimetumika, ila hakivuji.
Chelangat, mke wangu, akahesabu kwa vidole:
"Kwato nane zimeingia kwenye boneti,
na bado hatujalala mlimani hata usiku mmoja."

Kisha breki. Maji ya zamani yakatoka
meusi kama chai ya msibani.
Diski mpya, pedi mpya, mipira mipya,
na trela, mgongo wa Datsun iliyokwisha kufa,
ikachomelewa ulimi, ikapewa minyororo miwili
inayopishana chini yake
kama mikono ya mtu anayesikia baridi.
Winchi? "Umeshaila, ni hizo breki."
Taa? Moja.
Rangi? "Vumbi la Sebei litakupaka bure."

Desemba tukapanda. Sipi ikabaki nyuma,
Kapchorwa nayo, kisha lami ikatuaga.
Mshale wa joto, uliozoea kupanda kutushinda sisi,
ukakaa katikati kama mgeni mwenye adabu.
Nikaanza kupiga mluzi.

Kona ya tatu, pikapu imeegemea mtaro,
kabichi zimetapakaa njia nzima,
na kijana, Satya, ameweka jiwe nyuma ya gurudumu,
kisha amelikalia lile jiwe.
Breki zake zimekufa. Mteremko mzima uko mbele.
Nikatazama trela yetu, mahema, sufuria, mwanangu.
Chelangat hakungoja niseme. Alikwisha kuchomoa pini.

Tukaivuta ikatoka mtaroni. Hiyo ilikuwa rahisi.
Halafu tukaishusha:
yeye mbele, mimi nyuma, mnyororo katikati,
gari lake likining'inia kwenye pua ya langu
kama ndoo kisimani.
Gia ya kwanza, ile nzito ya chini.
Mguu unabana, unaachia, unabana.
Kilomita sita. Sikupiga mluzi.
Huko bondeni Satya alishuka, akashika boneti
kwa kiganja chote, akakiondoa upesi, akacheka.

Niliporudi giza limeshaingia.
Hema lilikuwa limesimama palepale konani,
si juu kwenye nyasi nilipopaota miezi tisa,
bali kando ya njia, kamba moja imefungwa kwenye trela.
Kabichi ilikuwa inachemka. Mwanangu alikuwa amelala,
buti miguuni, tochi ikiwaka mkononi.
Nikainama, nikanusa magurudumu moja moja.
Joto. Si kuungua.
Chuma kilipoa polepole, tik, tik,
kama mtu anayevunja vidole baada ya kazi.

Nikapanda jiwe kutafuta mtandao, nikampigia Nandudu.
Hakuuliza nyota, wala baridi, wala tumefika wapi.
"Umeshuka na gia ya ngapi?"
"Ya kwanza."
"Haya," akasema. "Lala."